Ilikunywa Wapi, na mu Nini

Wekeni funguo chini kwanza, vijana wangu. Najua mikono inawawasha. Mutuka imeingia garaji inatoa mvuke, mwenyewe amesimama pembeni anafuta jasho, na ninyi mnataka aone kwamba mnajua kazi, basi mnakimbilia boluti. Mimi pia nilikuwa hivyo. Siku hizi macho yangu hayaoni nyuzi za boluti, magoti yamekataa kuingia chini ya mutuka, na mmenikalisha kwenye kiti hiki cha mlangoni kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Sawa. Lakini mdomo haujastaafu. Nitawaambia habari za moteri inayochemka, na mnisikilize mpaka mwisho, maana mwisho wake si mambo ya moteri peke yake.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Sumaili. Garaji yake ilikuwa hapa hapa Kasongo, nyuma ya soko, kabla hii ya kwenu haijajengwa. Alikuwa mtu mfupi, mchache wa maneno. Mteja alifika na mutuka inayochemka, akaanza kueleza, oh ilianza kwenye mlima, oh sindano ya joto ilipanda yenyewe. Muzee Sumaili alimwacha amalize yote, halafu akauliza swali moja: "Ilikunywa wapi?"

Mnajua tunavyosema sisi huku. Mutuka ikipoteza maji, tunasema inakunywa. Kwa hiyo watu walicheka, wakadhani Muzee anafanya mzaha. Hakufanya mzaha hata siku moja, yule. Aliuliza maji ya kuijaza yalichotwa wapi. Maji ya radiateri kwetu hayatoki kwenye chupa ya dukani yenye rangi nzuri. Yanatoka kijitoni, au kisimani, au kwenye dimbwi la barabarani, yamechotwa na mtu mwenye haraka. Maji ya Nyangwe, kule kwenye mto Lualaba, yana mchanga mwembamba unaolala chini ya radiateri. Maji ya mashamba ya mpunga yana pumba na majani. Maji ya Salamabila ni mekundu, kwa sababu wachimbaji wanaoshea udongo wa dhahabu katika kila kijito. Muzee Sumaili alitia kidole kwenye shingo ya radiateri, akatoa uchafu, akaupaka kwenye ukucha wa kidole gumba, akautazama, halafu akamwambia shoferi: "Wewe ulipita Nyangwe." Shoferi aliondoka pale akimwogopa.

Jambo la pili alilonifundisha ni mikono. Moteri ikichemka, izime, uiache ipoe. Usifungue kizibo cha radiateri. Narudia: usifungue kizibo. Yupo mmoja wenu hapa, simtaji jina, juzi alikuwa ameshakizungushia kitambaa. Nilimjua shoferi mmoja aliyefungua kizibo cha moto kwenye njia ya Kabambare, na kwa jinsi uso wake ulivyoungua, tangu siku ile wanawe wadogo walikuwa wanamkimbia baba yao. Wewe subiri. Ikishapoa, washa, halafu ushike ile mipira miwili. Wa juu unapeleka maji ya moto kutoka kwenye moteri kwenda radiateri, wa chini unayarudisha yakiwa yamepoa. Wa juu ukiunguza na wa chini ukabaki baridi kabisa, maji hayapiti, radiateri imeziba. Yote miwili ikiunguza sawasawa, maji yanatembea lakini hayapozwi. Hapo tazama feni, tazama mbele ya radiateri kama upepo unapita. Na ukiwasha moteri ya baridi, mpira wa juu ukawa mgumu hapo hapo kabla maji hayajapata moto, hapo msikitikie mwenye mutuka. Moshi wa ndani unaingia kwenye maji. Joint ya kulasi imeungua, lile bamba jembamba linalokaa kati ya kichwa cha moteri na kiwiliwili chake, na dawa yake ni kufungua moteri.

Kuhusu upepo, niwachekeshe kidogo. Alikuja mfanyabiashara mmoja ambaye mutuka yake ilichemka tangu mvua za kwanza. Garaji mbili zilikuwa zimeshamfungulia pampu ya maji na kuifunga tena. Muzee Sumaili hakufungua kitu. Alichuchumaa mbele, akachungulia, akacheka kimoyomoyo. Mabawa ya kumbikumbi yalikuwa yamejaa kwenye radiateri, yamegandamana na vumbi, hata mwanga haupenyi. Tuliipiga maji kutoka nyuma kuja mbele mpaka yakatoka yote. "Mutuka yako haiumwi," Muzee alimwambia. "Imeshiba."

Halafu kuna ugonjwa wetu wenyewe, sisi mafundi wa huku: kutoa termosta. Kile kimlango kidogo ndani ya njia ya maji, kinachofunguka moteri ikipata joto. Shoferi akisema mutuka inachemka, fundi anakitoa anakitupa, anasema hii ni ya Wazungu, ya nchi za baridi, kwetu ya nini. Na hata ninyi mnafanya, nimewaona. Sasa sikilizeni. Katika hizi jeep za mazuti, za dizeli, kimlango kile kikifungua njia ya radiateri, upande wake wa pili unafunga njia ya mkato. Ukikitupa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji mengi yanazunguka humo humo kwenye moteri bila kwenda kupoa. Mnaondoa kitu ili isichemke, ndiyo inazidi kuchemka, halafu mnasema ni uchawi.

Siku hizi mnatoa simu, mnamtazama mtu wa nchi ya mbali akifungua moteri safi, mikono yake haina hata doa. Sikatai, na mimi nimetazama, kuna mambo mazuri mle. Ila yule mtu hajawahi kuchota maji Salamabila.

Sasa niwaambie habari ya Mama Mwajuma.

Nilikuwa nimekwenda Salamabila kutengeneza pampu za wachimbaji. Kazi ilipokwisha nikatafuta njia ya kurudi. Ile barabara mnaijua, ni ya pikipiki. Mutuka inapita kiangazi tu, tena kwa kumwomba Mungu. Nikaambiwa iko jeep moja inaondoka alfajiri kwenda Kasongo, shoferi wake Bushiri, mtu wa mjini kwetu. Nikamwendea nikamwomba nafasi.

"Papa Musafiri, nafasi iko," alisema. "Lakini tunabeba maiti."

Maiti ilikuwa ya Hamadi, mtoto wa Mama Mwajuma. Huyu mama wengi wa Kasongo tulimjua, alikuwa anakamua mawese mwenyewe na kuyauza sokoni. Hamadi alikwenda kuchimba dhahabu, na shimo likamwangukia. Wenzake walimtoa akiwa hai. Mama alipopigiwa simu alipanda pikipiki saa ile ile, safari ngumu hata kwa kijana, akamkuta bado anapumua, naye akafa mikononi mwake.

Wazee wa kule walimshauri vizuri. Walimwambia mtoto azikwe huko huko, dini inataka mtu azikwe upesi, na joto hili, na barabara hii. Alikataa. Wakati tunafunga mizigo alinieleza mwenyewe sababu, bila mimi kumwuliza.

"Watoto wa watu wanazikwa hapa karibu na mashimo, Papa Musafiri. Halafu kambi inahama, nyasi inaota. Kisha hakuna mutu anajua nani alilala wapi. Mi nilikuja kumuchukua. Nataka alale pembeni ya baba yake. Afike tu mbele ya kuharibika, njo ile naomba."

Basi alikuwa ameoshwa na kuvikwa sanda jioni iliyotangulia. Tulimlaza nyuma juu ya godoro lake mwenyewe, na vitu vyake tukavipanga kando: redio, sufuria, viatu, na bidoni, dumu lake la plastiki. Mama alikaa karibu naye na mkono wake ukiwa juu ya kifua chake. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu mwenye kazi ambayo haijakwisha.

Tuliondoka kukiwa na baridi, mnajua asubuhi za kule milimani. Njiani Bushiri aliniambia mutuka inakunywa kidogo, mpira wa chini unavuja. Kila kijito alisimama, akashuka haraka, akachota, akatia, tukaendelea. Mimi nilibaki mbele na magoti yangu. Jua lilipopanda, sindano nayo ikaanza kupanda. Akazidisha maji. Kadiri alivyozidisha ndivyo ilivyozidi kuchemka. Tulipokaribia Wamaza mvuke ulikuwa umefunika kioo, na tukaingia kijijini tukijiburuta, tukasimama kwenye nyumba za kwanza.

Watu walikuja, na walipoona tunabeba nini wakatupa pole. Akaja pia fundi wa pikipiki wa pale, jina lake Deo, mtu mzima, mwenye mikono mizuri ya kazi. Tuliiacha moteri ipoe. Nikafungua kizibo, nikatia kidole kama nilivyofundishwa. Kilitoka kimepakwa uji wa rangi ya kahawia na wekundu, unateleza, una mafuta.

Deo alitikisa kichwa. "Papa, joint imekwisha. Oili imeingia mu maji."

Wala hakukosea kusema hivyo. Fundi yeyote angesema. Mafuta kwenye radiateri, moteri inachemka, ungesema nini kingine? Niliwasha moteri ikiwa imepoa, nikashika mpira wa juu: laini. Haukuwa mgumu hata kidogo. Ilipopata moto, wa juu ukaunguza, wa chini ukabaki baridi. Kwa hiyo radiateri ilikuwa imeziba. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: oili nyeusi, safi, haina maji. Hapo nikaanza kulitilia shaka neno la Deo. Lakini katika moteri ile kuna sehemu nyingine ambapo oili na maji vinapita jirani, na ikitoboka, oili inaingia kwenye maji bila maji kuingia kwenye oili. Ningejua kwa kuona oili imepungua. Nikamwuliza Bushiri, akasema asubuhi aliiongeza. Basi kijiti hakikuweza kunipa ushahidi.

Naomba mwelewe tulipokuwa tumefika. Tukifungua moteri, vipuri havipo Wamaza, na maiti haisubiri. Tukiondoka hivyo hivyo, na kumbe ni moteri inayokufa, itakwama katikati ya nyasi, mbali na nyumba, jua la mchana, na yule mama nyuma na mwanawe. Na wakati huo huo mzee wa msikiti wa pale alikuwa amekuja. Alizungumza na Bushiri kwa upole, akasema makaburi yapo, watu wa kuchimba wapo, tutamzika kama mtoto wetu. Alisema kweli, na alisema kwa moyo mzuri. Ingekuwa rahisi sana kukubali.

"Papa, useme wewe," Bushiri aliniambia. "Tufungue, ao tuende, ao tumuzike hapa?"

Wote wakanitazama mimi. Nilikuwa na funguo mkononi, na nawaambieni, mikono ilitaka kufungua boluti. Mtu akichanganyikiwa anatafuta kitu cha kushika. Nikakumbuka marehemu mwalimu wangu.

"Bushiri," nilisema, "ilikunywa wapi?"

Akataja vijito, kimoja kimoja. Vyote navijua. "Ni maji tu, Papa. Mekundu, ni vile maji ya kule iko." Lakini alisema akitazama chini, na mimi nikadhani ni uchovu.

Mama Mwajuma alikuwa ameshuka bila sisi kumwona. Alisimama nyuma yangu, ameshikilia mlango wa mutuka.

"Mafundi, munasema nini juu ya safari ya mutoto wangu?"

Nilimweleza. Sikumficha. Nilimwambia kwamba kuna mafuta kwenye maji, kwamba pengine moteri imevunjika ndani, kwamba sijui kama itafika. Nikamwonyesha kidole changu, si kwa sababu nilitegemea aseme kitu, bali kwa sababu mtu anayengoja habari mbaya anastahili kuiona. Akaushika mkono wangu, akauleta karibu na pua yake. Akauchukua ule uji kwa kidole chake, akausugua kwa kidole gumba, polepole, kama anavyofanya sokoni mtu akimletea mawese ya kununua kwa jumla. Akanusa tena.

"Haya hayakutoka mu moteri," alisema. "Haya ni mawese."

Deo akashangaa. "Mama, mawese itaingiaje mu radiateri?"

Alimgeukia Bushiri. "Maji ulichota mu nini?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Mimi niliyefundishwa na Muzee Sumaili niliuliza wapi, nikaishia hapo. Bushiri akaenda nyuma ya mutuka, akarudi na bidoni. Ya njano, ya kawaida, kwenye mpini imefungwa kipande cha kitenge cha buluu.

Ilikuwa bidoni ya Hamadi. Bidoni ya mutuka ilikuwa imeibwa Salamabila usiku wa kuamkia safari, na kwenye kijito cha kwanza Bushiri, kwa haraka, akachukua ile iliyokuwa kwenye vitu vya marehemu. Aliipindua kwanza, hakikutoka kitu, akadhani ni tupu. Kumbe ilikuwa baridi, na mawese yaliyobaki yalikuwa yameganda chini na pembeni. Jua lilipopanda yakaanza kuyeyuka, na kila alipotia maji alitia na mawese. Wekundu aliuona, akadhani ni udongo. Na hakusema habari ya bidoni, hata nilipomwuliza, kwa sababu mnajua desturi yetu: vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaishe na wenyewe wavigawe. Aliona aibu.

Mama Mwajuma aliipokea bidoni kwa mikono miwili. Kile kitenge alikifunga yeye mwenyewe siku alipowapa wafanyabiashara mawese wampelekee mwanawe, ili isichanganywe na za watu wengine. Aliinama, akachungulia ndani kwa muda.

"Hakuyamaliza," alisema.

Ni hilo tu. Halafu akakaa chini mchangani, bidoni mapajani, akalia. Tangu jana yake alikuwa hajalia. Wanawake wa Wamaza wakaja wakakaa naye. Mimi niligeuka kwenye moteri nikajifanya natafuta kitu, machozi yananitoka, na Deo naye vivyo hivyo. Sioni haya kuwaambia.

Bushiri alipiga magoti. "Mama, unisamehe. Nilikamata kitu ya marehemu bila kuuliza."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Bidoni ni ya kazi, Bushiri. Inuka. Mutengeneze, twende."

Hata hivyo sikutaka kuondoka kwa kuamini pua peke yake, hata iwe pua ya mama anayekamua mawese tangu utoto. Deo alileta maji ya mtungini, ya baridi. Tulitia ule uji kidogo ndani yake, tukangoja. Ukaganda, ukawa mgumu kwenye ukucha. Oili ya moteri haifanyi hivyo hata siku moja. Deo akanitazama akasema, "Iko vile Mama alisema," akakimbia kuleta vifaa vyake.

Sasa shikeni kazi hii, huenda na ninyi ikawakuta. Mawese peke yake hayazibi radiateri ya moto. Lakini yakikutana na udongo mwekundu na kutu, yanafanya uji, na ule uji unashuka chini ambako maji yamepoa kidogo, unashika kwenye zile njia nyembamba. Kwa hiyo usitie maji ya baridi kusafisha, utaugandisha zaidi. Wanawake wa Wamaza walikuwa wameshabandika masufuria kuwapikia wageni wa msiba. Tuliomba yale maji ya moto, wakatupa yote. Deo alifungua mpira wa chini, tukamwaga uchafu, tukafunga. Tukatia maji ya moto yenye sabuni na maji ya majivu yaliyochujwa kwenye kitambaa, tukawasha, tukaacha izunguke, tukazima, tukangoja, tukamwaga. Mara ya kwanza lilitoka povu jekundu na mabonge. Tukarudia. Tukarudia tena. Wanaume waliokuwa wamejitolea kuchimba kaburi walikuwa wanabeba maji. Mpaka yakaanza kutoka ya rangi hafifu, na mpira wa chini, nilipoushika, ukawa na joto.

Ile sehemu iliyovuja Deo aliifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi, ukakaza vizuri kabisa. Maji ya njiani walitupa kwenye mitungi miwili, iliyobeba maji tu siku zote. Mzee wa msikiti alitusomea dua, akamwambia Mama Mwajuma aende na amani. Tukaondoka. Njia nzima macho yangu hayakutoka kwenye sindano, na ilikaa mahali pake.

Tuliingia Kasongo jua linaanza kushuka. Watu walikuwa wameshakusanyika kwake. Hamadi alilazwa kidogo uani kwa mama yake, dada zake wakamwona, halafu wanaume tukambeba. Alizikwa pembeni ya baba yake. Nilitia udongo na mikono yangu ikiwa bado inanuka sabuni na mawese. Alikuwa hajaharibika.

Tangu siku ile swali la Muzee Sumaili nimeliongeza, na naamini asingekasirika. Mteja akifika namwuliza: ilikunywa wapi, na mu nini? Mnacheka mkinisikia, mnasema muzee ameanza tena. Lakini nimetoa sukari kwenye radiateri, nimetoa kasiksi, pombe ya ndizi, nimetoa unga wa muhogo, yote kwa sababu ya chombo cha kuchotea. Watu wetu hawatupi bidoni. Inabeba mawese leo, kesho maji, keshokutwa mazuti. Msiwakasirikie. Waulizeni tu.

Imebaki sehemu moja, ndiyo niliyotaka muisikie.

Matanga yalipokwisha, Bushiri aliniletea ile jeep hapa ili tuisafishe vizuri, maana ya Wamaza ilikuwa ya kutufikisha tu. Nilikuwa nimeandaa kila kitu, maji ya moto, sabuni, mpira mpya wa chini. Asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Tunataka kuanza, tukaona Mama Mwajuma anaingia. Alisalimia, akauliza hali ya magoti yangu. Halafu akauliza alichokijia.

"Papa Musafiri, ile mafuta, yote ilitoka?"

Ningeweza kumjibu ndiyo, amalize, aende nyumbani. Lakini fundi akidanganya juu ya kitu kilichomo kwenye radiateri, atadanganya juu ya nini kingine. Nilimwambia kweli.

"Hapana, Mama. Iko bado kidogo. Kukiwa na baridi, inashika duara jekundu mu shingo ya radiateri. Leo njo tunaitoa."

Akasogea. Nikamfungulia kizibo. Akainama akatazama ndani, kama alivyotazama kwenye bidoni kule Wamaza. Lile duara lilikuwepo, jembamba, limeganda.

"Inaharibu moteri?"

"Kidogo vile? Hapana, Mama."

Aliendelea kulitazama lile duara. Bushiri alikuwa ameshika sufuria ya maji ya moto, tayari kumimina.

"Basi muache ikae," alisema.

Nikafunga kizibo. Maji ya moto tuliyamwaga nje. Ninyi mnanijua, nawagombeza kila siku msiache hata chembe, maji yatoke kama ya kunywa. Ile sikuiosha. Nilibadilisha mpira wa chini, nikampa Bushiri mutuka yake. Aliiendesha njia zote za huku, Kabambare, Wamaza, Salamabila, mpaka alipoiacha kazi, na aliniambia kwamba asubuhi za baridi, kabla ya kuwasha, alifungua kizibo, akatazama kama bado iko, akafunga. Haikuchemka tena.